Jibu: Simu kutoka China, nifungue au nisubiri?

Habari ndugu. Umeuliza kama simu uliyoagiza Shenzhen inaweza kukuletea korona, maana imeshafika posta na mama watoto hataki iingie ndani.

Kachukue mzigo wako. Kwanza angalia ulitumwa tarehe gani. Vipimo vya maabara vilivyotolewa Machi 2020 vilikuta kirusi kikidumu hadi saa 24 kwenye katoni na saa 72 kwenye plastiki, tena kikizidi kupungua. Mzigo uliosafiri wiki nzima umeshapita hapo. Ningehofia zaidi foleni ya dirishani kuliko hiyo boksi, kwa hiyo barakoa usisahau.

Mimi hufungulia barazani. Katoni na nailoni vinakwenda jalalani hapo hapo, halafu nanawa kwa sabuni. Simu naipangusa ikiwa imezimwa, kwa kitambaa laini chenye spiriti ya asilimia 70, kimekamuliwa vizuri. Usiinyunyizie, spiriti itaingia kwenye tundu la chaji na spika. Jiki usiguse kabisa, inaharibu utando wa kioo.

Halafu ikague ubavuni. Ukiona mfuniko wa nyuma umebenuka, betri imevimba hiyo; usiichaji, mwandikie muuzaji leo leo na picha umtumie.