Kisanduku cha maktaba hakinipi nafasi ya kusoma

SWALI: Fundi habari, nipo masta mwaka wa kwanza na maktaba ya chuo ilituambia tuweke ekstensheni yao (kile kiprogramu kidogo cha kuongezea brauza) kwenye Chrome ili tupate makala za kulipia bure, nikaweka, sasa kila nikifungua gazeti, kamusi, hata nikiangalia bei ya kitabu Amazon, kinachomoza kisanduku pale pembeni kinaniambia maktaba yako ina nakala hii. Nabonyeza eksi, nikirefreshi kimerudi. Juzi kimetokea nashea skrini na msimamizi wangu, nikaona aibu. Kizuia popapu nimewasha lakini wapi. Niifute tu?

JIBU: Usiifute kwanza, siku ya deadline utaitafuta. Kizuia popapu cha brauza kinakamata madirisha mapya yanayofunguka yenyewe, sasa hicho kisanduku chako si dirisha, kinachorwa na ekstensheni humohumo ndani ya ukurasa, na ruhusa uliitoa wewe siku ile unaiweka, ile sentensi ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote ambayo wote tunaipita mbio (mimi pia).

Ila hakikisha mwizi ndiye huyo. Fungua ukurasa uleule kwenye hali fiche (Incognito), kule ekstensheni huwa hazifanyi kazi mpaka uziruhusu wewe, kwa hiyo kisanduku kikipotea basi ni ekstensheni, kikibaki ni tovuti yenyewe. Na kama kinatokea kwenye kona ya kompyuta hata ukiwa umefungua Word, hiyo huenda ni arifa ya tovuti fulani uliyoibonyezea Ruhusu bila kusoma, nenda settingi za arifa za brauza uiondoe, maktaba haihusiki kabisa.

Haya, kama ni ekstensheni anza na settingi zake yenyewe, baadhi zina sehemu ya kuizima kwenye tovuti uliyopo. Isiposaidia, bonyeza ile ikoni ya kipande cha pazo juu kulia, itafute, kisha iraitikliki utaona pa kuchagua isome tovuti zipi: zote, hii uliyopo tu, au mpaka uibofye. Mimi ningechukua hiyo ya mwisho. Inalala mpaka uiite, na faida nyingine ni kwamba haiwi tena inachungulia kila ukurasa unaofungua, hata ule wa benki. Edge ni hivyohivyo karibu. Firefox haikupi uhuru huo kwa kila ekstensheni, huko andika about:addons kwenye sehemu ya anwani, uizime, uiwashe siku ya kutafuta makala.

Halafu angalia usije ukawa na ekstensheni mbili za aina hii. Wapo wanaoweka Lean Library, LibKey Nomad na EndNote Click zote pamoja, zote kazi yake ni kukufikisha kwenye makala, kila moja inataka ionekane, hapo lazima skrini ijae. Bakisha ile ambayo maktaba yako imeilipia.

Hasara ya kuilaza ni moja, haitakustua tena. Ukikuta makala inadai malipo, ibofye mwenyewe, ikitaka ukurasa upakiwe upya kubali, kisanduku kitakuja, safari hii umekiita wewe.