Barua kwa mwanangu: Tahirih na mtu asiyemwona

Mwanangu mpendwa,

Siku ile uliposhuka kutoka hekalu la Wabahai pale Kikaaya, Kampala, uliniuliza: "Mama, Tahirih alimwaminije mtu ambaye hakuwahi kumwona?" Swali hilo nimelala nalo siku tatu.

Tahirih alizaliwa Qazvin, Uajemi, katika ukoo wa maulamaa. Baba yake alimsomesha, jambo la nadra kwa binti wa zama zile, akawa mshairi na mjuzi wa dini wa kujadiliana na wanaume. Aliozwa kwa mtoto wa ami yake. Kisha akaanza kuandikiana na Sayyid Kazim Rashti, mwalimu wa dini wa Karbala, Iraq, aliyewafundisha wanafunzi wake kwamba Aliyeahidiwa, yule mjumbe wa Mungu aliyengojewa, yu karibu kuja. Huyo ndiye aliyemwita Qurrat al-Ayn, kiburudisho cha macho. (Jina la Tahirih lilikuja baadaye; ni ndugu wa neno letu twahara.) Tahirih akafunga safari kumfuata. Alipofika, mwalimu wake alikuwa ameshazikwa. Hakurudi. Alikaa nyumbani kwa marehemu akafundisha nyuma ya pazia.

Inasimuliwa kwamba shemeji yake alipokwenda kumtafuta Aliyeahidiwa, Tahirih alimkabidhi barua iliyofungwa: ukimpata, mpe. Akampata Shiraz mwaka 1844, kijana aliyejiita Bab, yaani Mlango, ambaye Wabahai humheshimu kama mtangulizi wa dini yao. Bab akamhesabu Tahirih katika wafuasi wake 18 wa mwanzo, mwanamke peke yake. Wale 17 walimwona kwa macho. Yeye alisoma.

Basi jibu langu ni hilo: hakuamini gizani. Miaka yote ile alikuwa akisoma na kuuliza, na maandishi ya Bab yalipomfikia aliyajua, kama unavyoujua mwandiko wangu kabla hujaona jina. Hata ule ufafanuzi wa Bab juu ya Sura Yusuf, yeye ndiye aliyeugeuza kwa Kiajemi.

Mwaka 1848, kwenye mkutano wa wafuasi wa Bab huko Badasht, Uajemi, alitoka mbele ya wanaume bila shela. Baadhi yao wakaondoka wasirudi tena. Mwaka 1852, baada ya Wababi (wafuasi wa Bab) wachache kujaribu kumuua Shah, mfalme wa Uajemi, alinyongwa usiku Tehran, mwili ukatupwa kisimani.

Watoto wake aliwaacha Qazvin. Hapo moyo wangu husita, sitakuficha. Nampenda Tahirih, lakini kila nikifika hapo nakifunga kitabu nakukumbuka wewe.

Mama yako