Ukienda Grudziądz, anza na daraja

Baba yangu hajawahi kukanyaga Poland, lakini kuna Mpolandi mmoja hajamsamehe tangu mwaka 1980. Ilikuwa Olimpiki ya Moscow, fainali ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Filbert Bayi wetu alitoka mbele akaacha pengo kubwa, na mzee, sikio kwenye redio, alishaanza kushangilia. Mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski akaja, akamfikia, akapita. Malinowski dakika 8 sekunde 9.7, Bayi dakika 8 sekunde 12.5. Tukapata fedha. Ukiongeza na fedha ya Suleiman Nyambui katika mita 5000, kwenye michezo hiyohiyo, umemaliza hesabu ya medali zote za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata. Sasa unaelewa kwa nini nyumbani kwetu jina la Malinowski linatajwa kama la jirani aliyehamisha mpaka wa shamba.

Nilipopelekwa Gdańsk kwa mafunzo ya miezi mitatu, jioni moja nikawa natembeza kidole kwenye ramani ya simu kufuata mto Wisła kwenda juu. Nikakuta daraja limeandikwa jina lake. Mji unaitwa Grudziądz. Usihangaike na hizo herufi, wewe tamka “Grujonts” na watakuelewa. Wenzangu darasani, Wapolandi wenyewe, walinicheka. Nenda Toruń, wakasema, au Malbork ukaone ngome. Grudziądz kuna nini?

Jibu ninalo sasa, ila nililipata kwa safari mbili, na ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nitaanza na hiyo.

Nilikuwa nimelala Toruń wikiendi, nikaona Jumatatu nirudi Gdańsk nikipitia Grudziądz, kwa kuwa treni ndogo ya kutoka Toruń inafika huko kwa saa moja na ushee. Kosa la kwanza ni hiyo Jumatatu. Makumbusho mengi ya Poland hufungwa siku hiyo, na ya Grudziądz nilikuta mlango umefungwa, nikabaki nasoma kibao cha saa za kazi kwa msaada wa simu. Kosa la pili, nilifika asubuhi na begi mgongoni. Kosa la tatu ndilo lililoniuma zaidi: niliuingia mji kwa nyuma.

Sifa kuu ya Grudziądz ni maghala ya nafaka, 26, yaliyopangwa ukingoni mwa Wisła. Mengine chimbuko lake ni karne ya 14. Nikaenda mpaka mtaa wake, Spichrzowa, maana yake ndiyo hiyo hiyo, mtaa wa maghala. Nikaona nyumba za matofali, ghorofa mbili, tatu, madirisha madogo, mlango hapa, mlango pale. Kuna sanamu ya msafirisha magogo wa mtoni. Nikapiga picha mbili nikajisemea, hii ndiyo safari yenyewe? Saa tatu baadaye nilikuwa kituoni nimenuna.

Treni ya kurudi ilipitia Laskowice Pomorskie, na ili ifike huko lazima ivuke Wisła juu ya daraja la Malinowski. Nilikuwa nimeegemea dirisha upande wa kulia, sina habari. Ghafla miti ikaisha, mto ukafunguka, nikageuza shingo. Yale majumba niliyoyaona mafupi kule mtaani, upande wa mtoni yalikuwa ukuta mmoja mrefu wa matofali mekundu, ghorofa tano, sita, umeshikiliwa na nguzo nene za kuegemeza, umepanda mgongo wa kilima kama ngome. Juu yake mnara, minara ya makanisa, paa juu ya paa. Nilisimama. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akanyanyua mkoba wake akidhani nashuka. Daraja lina zaidi ya kilomita moja lakini kwa treni ni kama dakika moja na nusu, halafu miti ikarudi.

Nikarudi wiki tatu baadaye, Jumamosi, na safari hii nikafanya kinyume cha kila kitu. Nakushauri na wewe ufanye hivyo.

Kama unatokea Gdańsk, panda treni ya kwenda upande wa Bydgoszcz, shuka Laskowice Pomorskie ubadilishe. Ukishakaa kwenye treni ndogo ya Grudziądz, chagua dirisha la kushoto. Usilale, usichati. Hapo ndipo mji unajitambulisha mwenyewe. Ukitokea Toruń hutapita darajani, basi acha mzigo hotelini na uende kwa miguu, kwa kuwa daraja hilo limebeba reli, barabara na njia ya watembea kwa miguu kwa pamoja.

Jambo la pili ni saa. Maghala yanatazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yake, unaona kivuli tu. Nenda alasiri. Vuka daraja lote mpaka ng'ambo, shuka upande wa Dragacz, kisha fuata ukingo kuelekea kaskazini mpaka maghala yawe usoni mwako. Vaa viatu unavyovipenda kidogo, kwa sababu kuna majani na tope. Mimi nilifika kwenye saa kumi na moja. Jua likashuka mgongoni kwangu na ule ukuta ukaanza kubadilika, kutoka rangi ya damu ya mzee hadi rangi ya chungu kipya. Hapakuwa na mtu ila mvuvi mmoja na ndoo yake. Nikakaa kwenye gogo karibu saa nzima. Toruń sikupata hata dakika tano za namna hiyo, kila kona kuna kundi limemzunguka kiongozi mwenye kibendera.

Kutoka ng'ambo ndipo pia nilipoelewa kazi ya majengo yale. Mkulima alileta nafaka kwa gari la farasi upande wa mtaani, juu, akaingiza ghalani kupitia mlango wa kawaida. Upande wa mto, chini sana, vyombo vilisubiri, na nafaka ikamiminwa kwa mifereji ya mbao mpaka ndani ya chombo, ikaelekea Gdańsk, na kutoka Gdańsk ikapakiwa kwenye meli kwenda ng'ambo. Kilima kilifanya kazi ya wapagazi. Kwa hiyo jengo lilelile ni fupi kwa anayeleta na refu kwa anayepokea, na mimi safari ya kwanza nilisimama na waletaji. Yale madirisha madogo yasiyolingana ni ya hewa, nafaka isivunde. Na kwa kuwa ukuta ulikuwa mnene kiasi hicho, ulisaidia pia kuulinda mji upande wa maji.

Ukirudi mjini panda kilima cha ngome. Hapo waliishi mashujaa wa msalaba wa Kijerumani, watawa waliokuwa pia wapiganaji, wale walioitawala nchi hii kabla mji haujaingia chini ya mfalme wa Poland kwa mkataba wa mwaka 1466. Ngome yenyewe imebaki misingi. Waprusia, yaani Wajerumani wa ufalme wa Prusia, waliibomoa baada ya kuuchukua mji mwaka 1772, wakauacha mnara mmoja, Klimek. Mnara nao ukalipuliwa na Wajerumani Machi 1945, mji ukiwa umezingirwa na jeshi la Kisovieti. Unaoupanda leo umejengwa upya, ulifunguliwa 2014, na haujifichi, unaona wazi tofali la zamani linapoishia na jipya linapoanza. Wengine hawapendi. Mimi naona afadhali hivyo kuliko kudanganywa. Zaidi ya nusu ya mji iliharibiwa katika vita ile, kwa hiyo usishangae ukitoka uwanja wa soko la kale hatua chache ukakutana na bloku la ghorofa la miaka ya sitini limenyooka kama sanduku la biskuti. Mji huu haujapambwa kwa ajili yako. Kuna nyumba zilizopakwa rangi juzi na jirani yake plasta inabanduka. Mtu anayetaka kila kitu king'ae, abaki Gdańsk.

Makanisa mawili yanatosha. Mtakatifu Nikolai ni la kale, zito, la matofali. Lile la Wajesuti lililo karibu lilinishtua: ndani, mapambo yamechorwa kwa mtindo wa Kichina, jambo ambalo hulitarajii kabisa kwenye mji baridi wa Ulaya. Kanisa limepewa jina la Fransisko Ksaveri, aliyehubiri Asia. Sisi wa pwani tunaye kwenye historia yetu pia, maana alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea India. Chuo cha Wajesuti kilichoshikamana na kanisa sasa ndiyo ofisi za halmashauri ya mji.

Miaka ishirini kabla ya safari hiyo ya Malindi, Machi 1522, Copernicus, yule mwanasayansi wa nyota aliyesema dunia ndiyo inayolizunguka jua, alisimama Grudziądz mbele ya baraza la wakuu wa Prusia, na hakuzungumzia jua wala sayari. Alizungumzia pesa. Sarafu zilikuwa zinachanganywa shaba nyingi mno, na yeye akaeleza kwamba fedha mbovu ikiingia sokoni, watu huificha ile nzuri. Nilimweleza hayo rafiki yangu anayebadilisha fedha Arusha, akasema hilo lilihitaji mwanasayansi kweli?

Kuna ngome nyingine kubwa kaskazini mwa mji, iliyojengwa kwa amri ya Mfalme Frederick wa Prusia miaka ya 1776 hadi 1789. Askari wa Napoleon waliizingira mwaka 1807 wakashindwa kuiteka. Usiende tu kichwa kichwa, uliza kwanza ofisi ya utalii siku wanazoingiza wageni. Mimi sikuuliza, nikaishia kutazama geti.

Sasa ya tumbo. Kama huli nguruwe, Poland inataka macho. Supu ya żurek, chachu chachu na tamu kweli, mara nyingi ina soseji ndani. Pierogi ni kama sambusa za kuchemsha, na zile zinazoitwa ruskie zimejazwa viazi na jibini, ungedhani uko salama, lakini juu wanamwagia vipande vya mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa. Sema “bez skwarków”, bila vile vipande, kabla hawajapakua. Mkate unaoletwa mezani bure na kibakuli cha kitu cheupe, hicho si siagi. Ni mafuta ya nguruwe. Chapati nyembamba zenye jibini, naleśniki, hazina matata. Tafuta mgahawa unaoitwa bar mleczny, ni wa bei ya mwananchi, unachukua sinia mwenyewe na unakula na wastaafu na wanafunzi.

Na Jumapili maduka makubwa hufungwa, isipokuwa Jumapili chache kwa mwaka. Nunua maji na matunda Jumamosi. Nilijua sheria hiyo, nikaisahau, nikashinda asubuhi nzima kwa biskuti za treni.

Tramu ipo, na panda hata kama huna pa kwenda. Reli zake ni nyembamba, upana wa mita moja tu kama reli yetu ya kati ya zamani, na inapita katika mitaa ya mji mkongwe karibu ya kukukwangua bega. Tiketi ukishanunua, igonge kwenye kimashine ndani ya tramu. Tiketi mkononi ambayo haijagongwa haihesabiki. Faini hiyo niliilipa katika mji mwingine na somo nimelielewa.

Watu watakutazama. Mji una wakazi kama elfu tisini na wageni wenye rangi yetu ni wachache. Mimi nilitazamwa, sikutukanwa. “Dzień dobry” ikitangulia, nyuso nyingi zinalegea. Wazee huitikia, vijana hubadili wakaanza Kiingereza.

Binti wa mapokezi pale nilipolala aliniuliza nimefuata nini Grudziądz. Nikamwambia, daraja. Akaniangalia kama mtu aliyesafiri kutazama kituo cha mafuta. Nikamuuliza anajua Malinowski ni nani. “Mkimbiaji,” akasema, basi. Nikamsimulia: baba Mpolandi, mama Mskoti, fedha Montreal 1976, dhahabu Moscow 1980, na aliyemtangulia hadi mzunguko wa mwisho ni mtu wa kwetu. Halafu Septemba 1981, mwaka mmoja tu baada ya dhahabu, amekufa kwa ajali ya gari juu ya daraja hilohilo, akiwa na miaka 30. Hiyo ya ajali aliijua. Ya Bayi hakuijua. Akaandika jina kwenye karatasi ya risiti, akaniuliza kama linaandikwa na “y” au “j”.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya treni, nilirudi darajani peke yangu. Upepo wa Wisła mwezi Oktoba hauna adabu, chukua kofia. Katikati ya mto nikasimama, malori yakitikisa vyuma, nikamrekodia baba ujumbe wa sauti nikimweleza niko wapi na jina la daraja ni la nani. Akajibu baada ya ibada.

“Nimesikia upepo tu,” akasema. Kimya kidogo, halafu: “Lakini Bayi naye aliondoka mapema mno. Hilo nimelisema tangu siku ile.”