Mume kaleta fomu ya talaka

SWALI: Binti yangu yuko Osaka, ameolewa na Mjapani. Mavyaa wake anamtaka akae jikoni kama wake wa zamani. Mume, aliyesoma Marekani, anataka gharama nusu kwa nusu. Sasa kamletea fomu ya talaka atie saini. Afanyeje? – Mama, Wete

JIBU: Asiitie saini. Japani talaka ya maridhiano haina hakimu: fomu, saini za wote wawili na za mashahidi wawili watu wazima, inapelekwa manispaa, basi. Hata saini ya kughushi huweza kupita, maana karani hukagua karatasi tu. Kwa hiyo aende mwenyewe manispaa aombe *fujuri-moshide*, yaani talaka isipokelewe bila yeye kuthibitisha.

Kisha fedha. Kwa mila ya kule, mke wa nyumbani ndiye hushika mshahara, mume akapewa za mfukoni. Huyu bwana kachukua ya Marekani kwenye bili, ya mama yake kwenye vyombo! Kama ni nusu, na kufua kuwe nusu.

Wakishindwana, mahakama ya familia husuluhisha kabla ya kesi. Wakiachana, mwenye viza ya mke huarifu uhamiaji ndani ya siku 14. Na kama nikaha ilifungwa Pemba, suala la talaka mlipeleke pia kwa Kadhi, pamoja na cheti cha ndoa.