Mbele ya mzee, nitaje "choo" au "haja"?

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji wilayani Newala. Nikimuuliza mzee kama anapata choo, wapo wanaonijibu kwamba choo wanacho, kipo nyuma ya nyumba. Nikilitaja jambo lenyewe kwa jina lake naonekana sina adabu. Nitumie neno gani?

JIBU: Ndugu msomaji, neno "kunya" si kosa la lugha wala si la wahuni, ni la Kibantu na la kale, na methali isemayo "Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha" husemwa hadharani bila mtu kuinamisha uso. Linageuka tusi pale anayetajwa ni mtu mzima aliyekaa mbele yako. Kwa sababu hiyohiyo "mavi ya chuma", yaani taka za chuma, hayamkeri yeyote.

Tafsida, yaani neno la adabu linaloficha lile kali, nayo huchakaa. "Choo" limebeba mahali na kitu chenyewe kwa pamoja, ndipo watu wakakimbilia "msalani", ingawa msala ni pia mkeka wa kusalia. Kwa kazi yako ningechagua "haja kubwa", kisha swali lenyewe liifunge maana: "Haja kubwa unaipata kila siku? Ni ngumu au laini?" Kama tumbo limechafuka, "linaendesha" humtoka mzee kwa wepesi kuliko "naharisha".

Nisilolikubali ni "sehemu za siri" katika maelezo ya ugonjwa. Mgonjwa akisema anaumwa "huku chini", nawe ukaandika "sehemu za siri", anayesoma hatajua kama ni kinena, njia ya mkojo au njia ya haja kubwa. Majina hayo yana heshima ya kutosha, na hata "uke" na "uume" ni maneno ya kitabibu yasiyo na matusi ndani yake.

Tena usidhani kwamba akina mama wa huko hawayajui majina makali zaidi. Waliopitia unyago wameyasikia kwa makungwi, mengine waziwazi, mengine kwa mafumbo ya nyimbo. Ila yana wasemaji wake na mahali pake, na kijana mwenye daftari hayumo. Kwa hiyo mama akinyamaza ghafla, kabla hujatafuta neno jingine, tazama kama mkwewe amekaa hapo barazani, umwombe asogee kwanza.