Kona ya tope usiifukie, chomeka mwerebi

Tangu nipost picha ya mwerebi wangu (willow, mti unaopenda maji) inbox haipumui. Kuna dada yuko hapa hapa Minnesota, Marekani, anasema theluji ikiyeyuka nyuma ya nyumba yake maji yanatuama mpaka mwezi wa 5, eti amwage kifusi? Dada usimwage kitu, kaa kwanza nikusimulie.

Mimi nilianza na mtofaa, dola 80, na muuzaji nilimwambia kabisa pale pana tope akasema weka tu. Mwaka wa pili majani yakageuka manjano, nikaushika shina ukang'oka kwa mkono mmoja, mizizi myeusi inanuka kama maji ya vyombo ya juzi. Lile duka mpaka leo nikilipita sigeuzi shingo.

Aliyeniokoa ni jirani, mzee wa Kizungu. Mwanzo wa mwezi wa 4, matumba yangali yamelala, alinikatia fimbo tano za mwerebi za futi moja, nene kama penseli, akasema chomeka. Nikaona ananitania, kumbe ni kama pingili za muhogo tu jamani! Theluthi mbili inazama topeni, macho yaangalie juu. Mbili nilizichomeka kichwa chini, cheka tu, zikaoza, tatu zikashika.

Huu ni ule mfupi wa asili ya huku, Salix discolor, sio ule wa matawi kuning'inia, ule kwao China. Mierebi ya Isaya 44:4 nimeisoma tangu Sunday school, sikuwahi kuuona mti wenyewe mpaka nimevuka bahari. Na sisi tukifika huku tunakimbilia cha dukani chenye lebo, wakati mti uliozoea maji uko kwa jirani na ni bure, tubadilike!

Winta ya kwanza sungura waliguguna zote mpaka chini, nililia kweli. Zikachipua tena. Sasa nazungushia waya wa kuku. Weka penye jua, mbali na bomba la maji taka maana mizizi inaingia humo, na kabla ya kuchimba piga 811, waje wakuonyeshe mabomba na nyaya zilizofukiwa chini, hawachaji. Omba fimbo za mti dume, maua yake yanaanza na manyoya ya kijivu laini kama kidole cha paka, halafu yanafunguka chavua ya njano na nyuki wanajaa wakati miti mingine bado mitupu.

Nilipopogoa mwezi uliopita nilibakiza fimbo sita, ziko kwenye ndoo gereji. Njoo Jumamosi, na uvae buti za mvua.