Bando linaisha, gemu halijashuka

SWALI: Anko habari, nina kibanda cha gemu hapa Kahama, PS4 mbili, madogo wanalipa kwa mechi. Kuna jamaa anauza PS5 ile isiyo na sehemu ya kuingiza CD, bei imepoa, anasema CD ushamba siku hizi kila kitu mtandaoni. Ninachoogopa ni intaneti, mwezi uliopita kuapdeti tu gemu la mpira niliunga bando la GB 10 likakata njiani, nikaunga lingine, madogo wako kwenye benchi na pedi mkononi wananiangalia weee mpaka wakaenda zao kucheza pool. Ninunue?

JIBU: Mdogo wangu achana nayo. Jamaa hajakudanganya kuhusu mashine, ila kakutajia bei ya mashine tu, ya bando kaiacha. Gemu kubwa za sasa zinafika GB 100 na kupita, na kwa intaneti yenye spidi ya Mbps 10 ambayo haikati (unaijua wewe?) GB 100 ni kama saa 22 za kushusha. Na hizo "unlimited" za nyumbani nyingi ukifika kiwango chao wanakushushia spidi, unabaki unaangalia asilimia inatambaa.

Haya mambo hayajaanza leo. 2013 Microsoft walitangaza mashine yao ya gemu, Xbox One, ambayo ilikuwa lazima iingie mtandaoni angalau mara moja kila saa 24 la sivyo gemu zinagoma, watu wakachachamaa, mwezi haujaisha wakafuta. Sasa hivi hawakulazimishi, wanatoa tu tundu la CD kimyakimya: Xbox Series S haina, PS5 Pro ya 2024 haina, na Nintendo Switch 2 ya 2025 kuna vikadi vyake vingine unanunua dukani ukifika nyumbani gemu halimo, kadi ni ufunguo tu wa kwenda kushushia.

We tafuta PS5 ya CD hata kama utasubiri miezi miwili. CD unaazima kwa jirani, ukiichoka unauza au mnabadilishana, gemu la mtandaoni limefungwa kwenye akaunti yako humuuzii mtu. Ila usijidanganye kwamba ukiwa na CD umemalizana na intaneti, apdeti zipo palepale, na ile PS5 Slim ya 2023 hata hicho kisoma CD kinadai mtandao mara ya kwanza.

Kama ushatoa advansi basi, ibebe kwenye begi na waya zake uende kwa mtu mwenye faiba, lala hukohuko, shusha gemu zote. Halafu kwenye akaunti yako, sehemu ya settings, hakikisha umewasha ruhusa ya kucheza bila mtandao. Kabla hujaaga zima WiFi, washa gemu mojamoja, likigoma rudi ukae.